Kigae cha feraiti kinachokula mawimbi ya maikrowevu: jinsi ya kukitengeneza bila kukigeuza tofali

Kigae changu cha kwanza cha udongo na feraiti, ile seramiki nyeusi yenye chuma inayovutwa na sumaku, kilitoka motoni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, chekundu, kimeiva, ukikigonga na ukucha kinalia, na hakikufaa kitu. Nikakiweka kwenye maikrowevu dakika nzima nikakitoa kwa mkono mtupu, vuguvugu tu kama chapati iliyosahaulika mezani. Kabla ya kukichoma kilikuwa cheusi na kinang'ang'ania sumaku mpaka uivute kwa nguvu, baada ya moto sumaku inateleza tu juu yake kama inapita kwenye sahani ya udongo. Ilinichukua wiki mbili na karibu gunia zima la mkaa kuelewa kwamba kosa halikuwa kwenye udongo wala kwenye vipimo, nilikuwa nimeichoma sumaku yenyewe. Kwahiyo katika haya maelezo yote ukisahau mengine shika hilo moja, cheusi kibaki cheusi.

Mi ni fundi, natengeneza maikrowevu na vyombo vya ndani, kibanda kipo Kariakoo upande wa kuelekea Gerezani. Ukibadilisha magnetroni, kile kifaa kinachozalisha mawimbi, lazima uijaribu mashine ikiwa na mzigo ndani maana kuiwasha tupu ni kuitafutia kifo, na mzigo wetu siku zote ni glasi ya maji, yanachemka, yanamwagika, mvuke unatanda kwenye mlango, mteja anasimama anakuangalia. Nikataka kitu kikavu kinachokula mawimbi, nikipime joto, nijue mashine ina nguvu kiasi gani. Ukishakuwa nacho unagundua na kazi nyingine, kukausha silika jeli, kulainisha kipande cha plastiki ukikunje, kuharakisha gundi ya aroldaiti. Chakula hapana, ntasema kwanini mbele.

Kwanza tuelewane kinachotokea mle ndani. Maikrowevu ya nyumbani inarusha mawimbi ya gigahezi 2.45, yaani yanakwenda na kurudi mara bilioni mbili na nusu hivi kwa sekunde, na urefu wa wimbi moja hewani ni kama sentimita 12. Wimbi lina upande wa umeme na upande wa sumaku. Maji yanapata moto kwa upande wa umeme. Udongo mkavu uliochomwa haujali pande zote mbili, wimbi linapita zake. Bati nalo linalirudisha kama kioo. Feraiti ndo iko katikati, ni seramiki kama sahani ya kaure lakini ndani yake kuna chuma kilichofungwa na oksijeni kwa mpangilio unaoipa sumaku, kwahiyo wimbi linakubaliwa kuingia, alafu likiwa ndani upande wake wa sumaku unaivuta feraiti huku na huku, feraiti inachelewa kugeuka, na ule ukaidi wa kuchelewa ndo unakuwa joto. Wajapani wawili, Kato na Takei, ndo waliozigundua feraiti za kutengeneza mwaka 1930 pale Tokyo, na kampuni ya TDK ilianzishwa 1935 kwa ajili ya kuziuza. Leo zimejaa kwenye kila chaja ya simu iliyotupwa jalalani.

Kwanini basi tusiweke feraiti tupu? Kwa sababu ukizidisha, wimbi linagonga uso na sehemu kubwa inarudi ilikotoka, inakwenda kumsumbua magnetroni. Unachanganya na udongo ili wimbi liingie taratibu. Mi nimetulia kwenye asilimia 60 ya feraiti kwa uzito, ambayo kwa ujazo ni pungufu ya nusu maana feraiti ni nzito, karibu mara mbili ya udongo. Chini ya asilimia 40 kigae kinakuwa mvivu.

Unga wa kutoa wapi. Njia iliyonipa matokeo mazuri ni feraiti za TV za chogo. Flaibaki, ile transfoma ya umeme mkubwa ndani ya TV, ina kipande cha feraiti chenye umbo la U, na shingoni kwa ile chogo kuna pete kubwa nyeusi ndani ya nyaya za shaba. Wauza vyuma chakavu shaba wanaing'ang'ania, ile pete nyeusi wanaitupa, we unaokota tu au unatoa jero. Nakuomba usifungue TV mwenyewe kama sio fundi, kioo cha chogo kinashika umeme wa maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa. Chukua ambazo zimeshavunjwa. Na hiyo hiyo kwa maikrowevu mbovu, ile kapasita yake inafanya kazi kwenye zaidi ya volti 2000 na inaua watu wazima wenye uzoefu, usiende kuchokonoa eti unatafuta sumaku. Tena zile sumaku za pete za magnetroni na za spika nazo ni feraiti lakini ni za aina ngumu, zimetengenezwa zisibadilike, kwenye gigahezi 2.45 zinakula kidogo ukilinganisha. Tunataka feraiti laini, ile ambayo yenyewe sio sumaku ila inavutwa na sumaku. Yale mavimbe meusi kwenye waya za monita na laptop ni feraiti laini pia, ya nikeli na zinki, kamata yote.

Njia ya pili ni magamba ya wahunzi. Chuma kikitoka motoni chekundu kikagongwa, kinadondosha magamba meusi meusi, hayo ni oksidi za chuma, na sehemu yake kubwa inavutwa na sumaku. Nilimfuata mzee mmoja Gerezani anayefua patasi na majembe, nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba kijana unataka nini, nikamwambia naomba uchafu ulioko chini ya fuawe lako. Akaniangalia kwanza. Akaniuliza kama ni dawa ya mganga. Nilivyomwelezea akacheka akanifagilia kilo mbili bure, ila akasema nikitajirika nisimsahau.

Magamba yana kazi ya ziada. Yaoshe na maji ya sabuni kutoa mafuta, suuza mpaka majivu yaishe, kausha. Kisha chukua sumaku ya spika iweke ndani ya mfuko wa nailoni, pitisha juu ya unga, kinachovutwa kihamishie pembeni, ukiitoa sumaku kwenye mfuko unga wote unadondoka wenyewe. Usiguse unga kwa sumaku tupu, utakaa kutwa unaikwangua. Alafu kuna punje za chuma halisi zimejificha humo na hizo ndo zinarusha cheche kwenye maikrowevu. Kuzijua ni rahisi, weka kiasi kidogo juu ya nondo nene ugonge na nyundo, gamba linasagika kuwa unga, chuma kinajipiga bapa kinang'aa. Saga, chekecha, vinavyobaki juu ya chekeche vikiwa bapa tupa.

Kuna watu wataniambia mchanga mweusi wa ufukweni, kule Kigamboni. Kweli upo na ukipitisha sumaku unapata magnetaiti, yaani feraiti ya asili, oksidi nyeusi ya chuma kama iliyomo kwenye magamba, ila mwingi wa ule weusi ni ilmenaiti, madini ya chuma na titani, ambayo sumaku ya kawaida haiishiki vizuri, kwahiyo utafanya kazi ya siku nzima upate kikombe. Na usiende na ndoo kuchota mchanga. Watu wa Kunduchi wanajua bahari ilivyokula ufukwe wao, tusiisaidie.

Kusaga sasa. Feraiti ni ngumu lakini inavunjika kama kikombe. Ifunge kwenye kitambaa kizito, gonga na nyundo mpaka iwe changarawe, kisha twanga kwenye kinu cha chuma ukiinyunyizia maji. Maji sio hiari, vumbi lake likikauka linaelea na linaingia mapafuni, na feraiti za TV zina manganizi na zinki, sio kitu cha kuvuta. Vaa barakoa hata hivyo. Mi nilitengeneza mtungi wa kusagia kwa ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko, gololi za beringi kuu kuu na maji, nikaifunga kwenye mota ya mashine ya kufulia iliyokufa ikawa inazunguka polepole usiku kucha, majirani wakalalamika siku mbili wakazoea. Acha unga utulie chini, mwaga maji, kausha kwenye sinia, pitisha kwenye soksi nyembamba ya nailoni. Ukiusugua kati ya vidole uwe kama unga wa sembe, usiwe kama chumvi.

Vipimo vya vigae viwili, kwa mizani ya jikoni: unga wa feraiti gramu 300, kaolini gramu 100, unga wa tofali la kuchoma au chungu kilichovunjika gramu 100, silikati ya maji gramu 125 hivi. Kaolini ni ule udongo mweupe, na sisi Dar tuna bahati maana vilima vya Pugu vimejaa kaolini. Unga wa tofali ni wa kuzuia kigae kisipasuke kikipata joto ghafla, umeshapita motoni kwahiyo hausinyai tena, usiupuuze. Silikati ni sodiamu silikati, nenda maduka ya Kariakoo yanayouza malighafi za sabuni, waambie silikati ya kutengenezea sabuni ya mche wanakupimia. Inateleza kama asali, inachoma ngozi ikikaa, vaa glavu na ikigusa jicho suuza kwa maji mengi hapo hapo.

Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, hakuna michirizi myeupe, ndo umimine silikati kidogo kidogo ukikanda. Unataka donge kama la chapati za kusukuma lililokaza, likishikana ukilifinya lakini halibaki mkononi. Ukiona linang'aa na kulowana umezidisha. Kalibu yangu ni pete niliyokata kwenye bomba la plastiki la inchi 4, kimo milimita 12, naipaka mafuta ya kula ndani, naiweka juu ya nailoni, najaza na kushindilia na kipande cha mbao nikigonga kwa nyundo. Shindilia kweli kweli. Kila kipovu cha hewa utakachokiacha kitakuja kudai haki yake baadaye. Kigae kimoja kikikauka kinakuja kwenye gramu 250.

Kukausha ndo kunataka uvumilivu na hapa mjini kwetu joto la jiji linadanganya, hewa ina unyevu mwingi mno. Kivulini, sio juani, kigeuze asubuhi na jioni, siku tatu kipindi cha kiangazi, wiki nzima masika. Kisha oveni: nyuzi 60 saa mbili, nyuzi 90 saa mbili, nyuzi 120 saa mbili, mwisho 200 saa moja. Usiruke hatua, silikati ikipashwa ghafla ikiwa na maji ndani inafura kama mkate, nina kimoja hapa kimefura mpaka kinafanana na sponji. Kama huna oveni weka sufuria nzito juu ya jiko la mkaa, jaza mchanga, kifukie kigae katikati, funika, ongeza mkaa taratibu.

Sasa sikiliza hapa maana hapa ndo watu wengi wanajidanganya, na mimi nilijidanganya. Kigae chochote kibichi ukikiweka kwenye maikrowevu kitapata moto, hata cha udongo mtupu, kwa sababu ya maji yaliyomo. Nilishawahi kushangilia kigae kilichofika nyuzi 95 nikampigia rafiki yangu simu, kesho yake kimekauka kimegoma. Dawa yake ni mbili. Kwanza pima uzito kila ukitoka kwenye oveni, mpaka namba iache kushuka. Pili tengeneza kigae kingine cha shahidi, mchanganyiko ule ule ila mahali pa feraiti weka unga wa tofali, kikaushe sawa sawa, na kila jaribio uwajaribu wote wawili mmoja baada ya mwingine. Tofauti kati yao ndo feraiti. Bila shahidi hujui unapima nini.

Kigae hiki cha silikati hakijachomwa kabisa na kwa kazi zangu kinatosha, kinavumilia nyuzi 250 bila matata. Wanaotaka kigae cha kuchoma, kigumu, kisichoogopa maji, ndo warudi kwenye kile kisa changu cha tofali jekundu. Magnetaiti na magamba yakipata moto mkali kwenye hewa yanakunywa oksijeni yanageuka hemataiti, ni ile ile nyekundu ya matofali na kutu, na sumaku yake ni kama hamna. Feraiti za manganizi za TV nazo zinaharibika kwa namna inayofanana. Za nikeli na zinki zinavumilia hewa vizuri, kama una mavimbe ya waya ya kutosha tumia hayo na choma kawaida.

Kwa kigae cha magnetaiti au magamba unakinyima hewa. Badala ya silikati tumia udongo wa mfinyanzi na maji, feraiti asilimia 40 hadi 50, kausha vizuri. Chukua chungu kikubwa, weka unga wa mkaa chini unene wa vidole vitatu, laza kigae, kizungushie na kukifukia kwa unga wa mkaa, funika, ziba ukingo na udongo. Choma mpaka chungu kiwe chekundu cha damu iliyokolea, hapo uko nyuzi 700 na kitu mpaka 800, kaa hapo saa moja basi. Usishindane na moto. Ukipita 900 oksidi ya chuma inaanza kuulainisha udongo, na mkaa unaendelea kuinyang'anya oksijeni mpaka unaanza kupata chuma chenyewe, na chuma tumeshasema kinarusha cheche. Alafu usifungue. Nenda kalale, fungua kesho chungu kikiwa cha baridi. Kimoja nilikifungua kikiwa bado cha moto kwa sababu ya pupa, mbele ya macho yangu ngozi yake ikabadilika kutoka nyeusi kwenda kahawia nyekundu kama mkate unaoungua, unene wa ukucha hivi, ndani bado cheusi. Ukikivunja unaona mpaka kabisa, kama tikiti.

Ile njia ya vitabuni ya kununua oksidi ya nikeli, zinki na chuma ukazichanganya na kuzichoma nyuzi 1200 na zaidi, sikushauri. Unga wa oksidi ya nikeli unasababisha saratani ukiuvuta, na tanuri la nyuzi hizo hulipati uani kwa shangazi.

Kujaribu. Tumia maikrowevu ya kazi, sio ya kupashia wali wa watoto, na iwe mlango wake unafunga sawa. Kigae kiweke katikati juu ya kipande cha tofali jepesi kisiguse kioo, kioo kitapasuka. Pembeni weka glasi ya maji mililita 250, siku zote, hiyo ni bima ya magnetroni kama kigae chako kimegoma kula. Anza sekunde 15, toa, pima, tena 15. Kipimo cha joto kiwe cha kiwandani, zile bunduki za paji la uso zilizojaa mjini wakati wa korona zinaishia nyuzi 42 au 43 zinaandika kosa. Ukiona cheche zima, kuna chuma kwenye unga wako.

Kwenye mashine ya wati 700 kigae changu cha silikati kilitoka nyuzi 30 kikafika 130 kwa dakika moja, shahidi akafika 41, na lile jekundu la mwanzo 52. Hesabu yake sio ngumu: gramu 250 mara 0.8 mara nyuzi 100 unapata jouli 20,000, gawa kwa sekunde 60 ni kama wati 333 zimeingia kwenye kigae. Ile 0.8 ni kadirio la joto linalohitajika kupandisha gramu moja ya mchanganyiko huu nyuzi moja, kwahiyo usinishike kwa wati tano. Maji nayo yalipanda nyuzi 18, gramu 250 mara 4.19 mara 18, gawa 60, wati 314. Jumla 647, zilizobaki ziliishia kwenye kuta na kwenye uvivu wangu wa kupima. Uso unasoma juu kuliko ndani, subiri nusu dakika joto lisambae ndo usome.

Watu wanapenda kusema feraiti inajizima yenyewe ikifika joto la Curie, lile ambalo sumaku inapotea. Ni kweli kwa upande wa sumaku, magnetaiti ni nyuzi 585, za TV nyingi ni kwenye 200 hivi. Lakini feraiti za manganizi zinapitisha umeme kidogo na zikipata moto zinapitisha zaidi, kwahiyo kigae kinaweza kuendelea kupanda kwa njia hiyo nyingine, tena sehemu moja tu, unaona doa jekundu katikati na ufa unatoka hapo. Usiiache ikaenda dakika tano eti itajizima.

Na chakula hapana kwa sababu ya manganizi, zinki, silikati na usichokijua kilichokuwa kwenye jalala. Andika kwa rangi nyuma ya kigae KAZI TU, nyumbani kuna watu wanaona kitu cha duara wanadhani ni kikalio cha sufuria.

Cha silikati kihifadhi kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa pamoja na vipakiti vya silika jeli vya kwenye maboksi ya viatu. Kikianza kutoa unga mweupe juu ni hewa yetu imeshakiingia, sio ukungu, futa. Kabla ya kazi kipime, kikiwa kimeongezeka zaidi ya gramu tatu kirudishe oveni nyuzi 120 kwanza, la sivyo utakuwa unapima maji ya masika badala ya mashine ya mteja.